Pikipiki ya zamani: uirudishe ilivyotoka kiwandani, au uibadilishe?

Nyuma ya ofisi za kilimo za wilaya, kwenye stoo za misheni, au uani kwa mstaafu aliyekuwa akizunguka vijijini kikazi, pikipiki zilizofunikwa turubai mara nyingi ni zilezile: Yamaha DT125 na DT175, Honda XL125S, Honda CG125. Ni mashine za miaka ya 1970 na 1980, zilizobeba mabwana shamba, mapadri na masanduku ya chanjo kwenye njia ambazo gari lilikuwa haliendi. Ukishaelewana bei na mwenye mali, unabaki na swali: uitengeneze iwe kama ilivyotoka kiwandani, au uibadilishe iendane na spea zinazouzwa leo?

Wote wawili, anayerudisha na anayebadilisha, wanaweza kuwa na hoja nzuri. Ila kuna hatua ambazo ukizipiga kwenye fremu hutaweza kuzifuta, na nyingi hufanyika siku ya kwanza, kabla mtu hajajua alichonacho. Kwa hiyo tuanze na vigezo.

Vya kupima kabla ya kushika spana

Zunguka pikipiki ukiwa na karatasi, uandike kilichopo na kisichopo. Wengi huogopa injini, lakini pistoni, ringi, beringi, oili sili na gasketi vinapatikana au vinachongwa. Kazi ni kupata mabati na plastiki: tenki lenye umbo lake, vifuniko vya pembeni, saa ya mwendo, taa, indiketa, bati la chini la siti. Kwa DT ongeza ekzosi. DT ni tu-stroki, yaani injini inayochoma mafuta kila krenki ikizunguka mara moja, na ekzosi ya injini hiyo haitoi moshi tu. Ule mwili unaotanuka kisha kubana hurudisha wimbi la shinikizo linalozuia mchanganyiko mbichi kutoroka kwenye silinda. Weka bomba la kuchomelewa mtaani na injini itawaka vizuri tu, ila nguvu itapotea katikati ya mwendo na utabaki ukidhani kabureta ndiyo mbovu.

Kigezo cha pili ni kadi ya usajili: namba ya chasisi iliyogongwa kwenye shingo ya fremu na ile ya injini zisomeke, na zifanane na zilizoandikwa. Tatu, kazi itakayofanya: kila siku barabarani, safari za Jumamosi, au kukaa sebuleni. Nne, fundi wa kuchonga bloku (silinda) aliye karibu nawe na mwenye vifaa vya kupimia, si vya kukatia peke yake. Tano ni pesa inayokuja kwa awamu, kwa sababu kurudisha kunaweza kusubiri miezi huku mabadiliko mengi yakikuacha na pikipiki iliyogawanyika mpaka yakamilike. La mwisho ndilo kubwa kuliko yote: kila unalotaka kufanya, jiulize kama linafungwa kwa bolti au linakatwa kwa grinda. La bolti unaweza kulirudisha hata mwakani.

Spea

Kwa anayerudisha, hali inategemea sana modeli. CG125 ndiyo yenye bahati. Ilianza kutengenezwa 1976, na Honda iliibuni makusudi kwa ajili ya nchi ambako oili inabadilishwa kwa kuchelewa, hivyo wakaacha kamshafti ya juu (shafti ya kufungulia valvu iliyo kichwani mwa injini) na kutumia fimbo za kusukuma valvu. Injini hiyo ikaja kunakiliwa na viwanda vingi vya China, ndiyo maana pikipiki nyingi za bodaboda zina ndugu yake tumboni. Pistoni ya mm 56.5, gasketi, klachi na kabureta za PZ26 au PZ27 unazipata Gerezani pale Dar es Salaam, Kirinyaga Road pale Nairobi au soko la Kisekka pale Kampala. Pakistan nako CG125 iliendelea kutengenezwa miaka mingi baada ya Japani kuacha.

DT na XL hazina bahati hiyo. Pistoni, ringi na sili za DT bado zinaagizwa kwa urahisi kwa sababu modeli hiyo iliuzwa duniani kote, lakini vifuniko vya pembeni na saa ya mwendo vitakuja vikiwa vimetumika, na nauli yake inaweza kuzidi bei ya kitu chenyewe. Kama vipo kwenye pikipiki yako, hata vikiwa vimepasuka, usivitupe. Plastiki iliyopasuka inaungwa kwa joto na waya mwembamba wa chuma upande wa ndani, kisha puti na rangi. Isiyokuwepo huna pa kuiungia.

Kwa anayebadilisha, spea ni rahisi kuzipata lakini si rahisi kuzioanisha. Duka litakuuzia foku (miguu ya mbele), rimu, taa na tenki siku hiyohiyo, vyote vikiwa vimetengenezwa kwa fremu nyingine. Muda aliookoa dukani ataulipa kwenye mashine ya kuchonga. Asipokuwa na picha kamili ya pikipiki anayoitaka, hununua vitu viwili viwili.

Injini

Hapa ndipo njia zinapoachana kweli.

Kurudisha DT kunaanzia kwenye krenki, shafti inayozungushwa na pistoni. Pikipiki iliyolala miaka mingi ina oili sili zilizokauka, na tu-stroki haivumilii hilo kwa sababu chumba cha krenki ndicho pampu yake ya hewa na mafuta. Sili ya kushoto, upande wa magneti, ikivuja, injini inavuta hewa ya ziada, mchanganyiko unakuwa mwembamba, joto linapanda na pistoni inakwama. Ya kulia, upande wa klachi, ikivuja, injini inakunywa oili ya gia boksi: utaona moshi mweupe usiokwisha na oili inayopungua bila kudondoka hata tone chini. Ukishika konrodi, mkono unaounganisha pistoni na krenki, ukaisukuma juu na kuivuta chini ikacheza, au beringi za krenki zikilia kavu, fungua kesi na ubadilishe vyote kwa pamoja. Kubadilisha sili na kuacha beringi chovu ni kuzitafutia sili hizo kifo cha mapema, maana krenki inayotikisika huzila.

Bloku ikiwa na mikwaruzo inayoshika ukucha, inachongwa. Yamaha ilitoa pistoni za saizi ya kuzidi kwa hatua za mm 0.25 hadi kufika mm 1.00. Nunua pistoni kwanza, kisha peleka bloku na pistoni pamoja, fundi apime ile iliyo mkononi mwake na kuacha nafasi ya karibu mm 0.04. Pistoni za kampuni tofauti zilizoandikwa saizi moja hazilingani sana kama maboksi yanavyodai. Nafasi ikizidi itagonga na kula ringi. Ikipungua itakwama kwenye kilima cha kwanza. Baada ya kuchonga, kingo za matundu ya silinda zipigwe msasa ziwe na mviringo mdogo. Mafundi waliozoea fo-stroki husahau hatua hii, na kingo kali hunasa ringi na kuivunja vipande.

Pampu ya oili ya DT, ile iitwayo Autolube, hudai uvumilivu. Mrija wake ukiwa na hewa, silinda inakauka ndani ya dakika chache. Legeza skrubu ya kutolea hewa, subiri oili itoke bila mapovu, na tenki la kwanza changanya oili ndani ya petroli hata kama pampu inafanya kazi. Mtu asiyeiamini anaweza kuifunga kabisa na kuchanganya mwenyewe, mililita 40 za oili ya tu-stroki kwa kila lita ya petroli, yaani 1 kwa 25. Hayo ni mabadiliko yanayorudishika. Kero yake ni kwamba kila kituo cha mafuta unapimia chupa huku foleni ikikusubiri.

XL125S ina ugonjwa wake. Kamshafti inazunguka moja kwa moja ndani ya alumini ya silinda hedi, bila beringi, na injini haina filta ya oili ya karatasi. Ina wavu na kichujio cha kuzunguka tu. Oili ikikaa muda mrefu bila kubadilishwa, makao ya kamshafti yanalika. Fungua kifuniko cha juu, ishike kamshafti, itikise juu na chini. Ikicheza waziwazi, silinda hedi imekwisha. Kuna mafundi wanaoweza kuichonga na kuweka bushi, ila ni wachache na kazi yao lazima ilingane na njia za oili. Bila fundi kama huyo, kurudisha XL kunabaki kutafuta hedi nyingine iliyotumika, ambayo huenda ina ugonjwa uleule.

Kwa upande wa pili, anayebadilisha DT au XL mara nyingi anafikiria kuweka injini ya Mchina yenye asili ya CG. Faida iko wazi: ikiharibika Tunduma au Lodwar, spea ipo mtaa wa pili na fundi anaifungua akiwa amefumba macho. Kasoro ni tatu. Ya kwanza ni mstari wa cheni. Weka injini kwenye fremu juu ya vipande vya mbao, gurudumu la nyuma likiwa limenyooka, kisha laza rula ndefu kwenye sproketi ya nyuma uone inapogusa ya mbele. Tofauti ya mm 2 au 3 inatosha kumaliza sproketi upande mmoja na kurusha cheni kwenye mashimo. Ya pili ni umbali wa sproketi ya mbele kutoka kwenye ekseli ya uma wa nyuma (mikono inayoshika gurudumu). Ikikaa mbali kuliko ilivyokuwa, cheni inakaza na kulegea zaidi kila gurudumu likipanda na kushuka, na DT ina mwendo mrefu wa shokapu. Mwambie mtu mzito akalie siti na uikaze cheni katika hali ambayo ekseli ya gurudumu, ekseli ya uma na sproketi vimepangana mstari mmoja, kwani hapo ndipo inapobana kuliko popote.

Ya tatu ni vishikio. Tumia vya zamani kadiri inavyowezekana na utengeneze bati za kati za chuma cha mm 5 au 6, za kufungwa kwa bolti. Anza na karatasi ngumu kama kielelezo, kata bati, lishikize kwa matone ya kuchomelea injini ikiwa mahali pake, kisha toa injini ndipo uchomelee kikamilifu. Chomoa CDI (kiboksi cha umeme wa kuwashia) na betri kabla ya kuchomelea. Anayekata vishikio vya kiwandani ili injini ipite amefanya uamuzi kwa niaba ya kila atakayeimiliki baadaye.

Kwa CG125 mjadala huu karibu haupo. Spea za kuirudisha na za kuibadilisha zinatoka rafu moja. Pima kipenyo cha pini ya pistoni, inapaswa kuwa mm 15, na ulinganishe urefu wa fimbo za valvu kabla ya kulipa, kwa sababu nakala hazifanani zote. Wengine hutaka kupandisha hadi bloku ya mm 62, ambayo kwa stroki ya mm 49.5 inatoa sisi 149. Sketi ya bloku hiyo haiingii kwenye mdomo wa kesi ya 125 mpaka uuchonge, na ukishauchonga kesi haitarudi kuwa ya 125. Anayetaka 150 anunue injini nzima ya 150, aiweke ya zamani kabatini.

Neno moja kwa wote wawili: skrubu za vifuniko vya injini za Kijapani zina kichwa cha msalaba kisicho sawa na bisibisi za kawaida za duka. Bisibisi ya kawaida huruka na kukila kichwa. Tumia ile ya kupigwa nyundo inayozunguka kidogo kila pigo, kisha hata kama unarudisha orijino ruhusu dhambi ndogo ya kuweka bolti za alen za mm 6. Zikazwe kwa Nm 10 hivi, zisizidi, maana alumini ya zamani hutoa nyuzi haraka.

Umeme

Pikipiki nyingi za kundi hili zilikuja na volti 6, na malalamiko ni yaleyale: taa kama kibatari. Sehemu ya lawama si ya volti. Taa ya wati 35 kwa volti 6 inavuta karibu ampea 6. Kwa volti 12 inavuta chini ya 3. Kiungo chenye kutu kinachovumilika kwenye volti 12 kinakula nusu ya mwanga kwenye volti 6. Anayerudisha asafishe kila kiungo, akwangue rangi pale waya wa ethi unaposhika fremu, abadilishe swichi iliyoungua ndani. Kwa zenye pointi za kukatia umeme wa plagi, nafasi iwe kati ya mm 0.3 na 0.4, zilainishwe kwa kipande cha karatasi badala ya msasa mnene, na kondensa ibadilishwe bila kuulizwa. Pikipiki ikiwaka baridi na kugoma ikipata joto, shuku kondensa au koili kabla ya kabureta.

Kwenda volti 12 ni mabadiliko yanayolipa haraka. Njia nyepesi ni regulata yenye rektifaya (kifaa cha kudhibiti na kunyoosha umeme) ya volti 12, balbu na betri za volti hiyo, kwa kutumia koili ileile ya taa. Injini ikipanda mzunguko, koili inafikisha volti hizo. Ikiwa imepumzika, taa zitafifia na betri haitachaji. Njia kamili ni kusuka koili upya kwa waya mwembamba zaidi wenye mizunguko karibu mara mbili, na kuinua ncha iliyofungwa kwenye bodi ili rektifaya itumie wimbi zima. Mtu anayesuka mota anaweza kuifanya. Taa za LED zinasaidia, ila ndani ya kioo kilichobuniwa kwa balbu ya waya zinatawanya mwanga na kuwapofusha wanaokuja. Indiketa za LED zinahitaji flasha yake.

Fremu, foku na breki

Ukanda wa pwani, kuanzia Mombasa hadi Mtwara, chumvi hupenda sehemu tatu: chini ya betri, makutano ya uma wa nyuma, na mabomba ya foku. Mabomba ya foku ndiyo yanayoamua. Pitisha mkono juu na chini pale sili inapopita. Vishimo vya kutu vikiwa ndani ya eneo hilo vitakata kila sili mpya. Vichache vinajazwa epoksi ya chuma na kusuguliwa kwa msasa namba 1000. Vikiwa vingi, bomba linahitaji kupigwa kroma ngumu upya na kusagwa, kazi isiyopatikana kila mji. Hapa anayerudisha anaweza kukaa miezi.

Tenki lenye kutu halihitaji kukatwa tumbo. Lijaze siki, au maji yenye asidi ya sitriki, kwa siku moja au mbili, mimina, suuza kwa maji yenye magadi kidogo, likaushe kwa hewa ya moto mara moja kisha zungushia mafuta ndani. Likiachwa na maji usiku mmoja, linapata kutu upya.

Breki za dramu zinadharauliwa kuliko zinavyostahili. Nyingi ni mbovu kwa sababu shuu zimeng'aa kama kioo, kamu haijawahi kupakwa grisi, au dramu imekuwa yai baada ya spoku kukazwa ovyo. Vumbi la shuu za zamani lifutwe kwa kitambaa kibichi, lisipulizwe kwa kompresa: huenda lina asbesto. Zikirekebishwa, zinatosha kwa mwendo wa mashine hizi.

Anayebadilisha mara nyingi hununua mguu wa mbele mzima wenye diski kutoka pikipiki ya Kichina. Breki inakuwa bora, hasa kwenye mvua. Pima urefu wa shina la usukani na vikombe vya beringi za juu na chini kwanza. Halafu fikiria rimu: DT na XL zina gurudumu la mbele la inchi 21. Ukiweka la inchi 18, rimu peke yake inaishusha pua karibu mm 38, na foku fupi inaongeza. Pembe ya usukani inasimama, pikipiki inakuwa nyepesi kugeuza mjini lakini yenye wasiwasi kwenye changarawe, na kwenye changarawe ndiko DT ilikozaliwa. Kwa CG, ambayo imekaa kwenye inchi 18 tangu mwanzo, ubadilishaji huu hauna adhabu kubwa.

Kukata mkia wa fremu ili ifanane na zile za mashindano ya mitaani ndiyo kazi inayopendwa na inayokosewa. Kwa CG na XL, zenye shokapu mbili, usikate mbele ya kishikio cha juu cha shokapu, na kitanzi kipya kiwe cha bomba lenye kipenyo na unene uleule, likiwa na kipande cha ndani kwenye kila kiungo. DT zenye shokapu moja chini ya tenki zinasamehe zaidi, kwa kuwa mkia unabeba abiria tu na si nguvu ya shokapu. Ila unabeba abiria, na hapa kwetu abiria huwa na gunia.

Kadi na bei ya kuuza

Anayerudisha hana la kueleza: namba zilizopo ndizo zilizoandikwa. Aangalie tu asizifute kwa kupuliziwa mchanga au kuzizika chini ya rangi nene. Zifunike kwa utepe kabla. Anayeweka injini nyingine ana namba mpya, na taarifa zinapaswa kubadilishwa TRA (mamlaka ya mapato) kwa Tanzania au NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) kwa Kenya, akiwa na risiti ya injini. Injini ya kuokoteza isiyo na karatasi inaweza kuzuia pikipiki nzima siku ya ukaguzi au ya kuuza.

Kuhusu bei, tuseme ukweli. Mnunuzi wa kawaida wa hapa anauliza inakula mafuta kiasi gani na spea zipo wapi. Hatalipa ziada kwa ajili ya skrubu za Kijapani. Wanaolipia orijino wapo, Nairobi na Dar na miongoni mwa wageni, lakini ni wachache na wanajua kusoma namba. Pikipiki iliyobadilishwa vizuri inauzika haraka. Iliyobadilishwa nusu haiuziki kwa yeyote.

Njia ya katikati

Kati ya kambi hizi kuna njia ambayo mafundi wengi wenye umri huifuata bila kuipa jina: umbo libaki, vinavyochosha vibadilishwe, kila kitu kwa bolti. Volti 12, CDI mahali pa pointi, beringi za magurudumu zilizofungwa pande zote, shokapu mpya zenye urefu uleule, tairi za kisasa. Vilivyotolewa vinapakwa oili, vinaandikwa na kuwekwa kwenye sanduku linaloambatana na pikipiki. Kasoro yake ni kwamba haimfurahishi mpenda maonyesho wala kijana anayetaka kitu cha kipekee, na inahitaji nidhamu ya kukataa grinda pale bolti inapokuwa ngumu kuingia.

Kwa hali yako

Una DT yenye tenki, vifuniko, saa na ekzosi yake, na hutegemei kwenda nayo kazini Jumatatu: irudishe. Vitu hivyo ukishavitawanya hutavikusanya tena. Anza na krenki na bloku, rangi iwe ya mwisho.

Una DT iliyobaki fremu, injini imefunguliwa na nusu haipo: ibadilishe bila majuto, ukitunza fremu isikatwe. Bati za bolti na injini yenye risiti zitakupa mashine ya shamba ya miaka mingi.

XL125S yenye kamshafti inayocheza iko katikati. Ukiwa na fundi wa bushi anayeaminika, itengeneze. Huna, weka injini nyingine na uihifadhi ya zamani nzima, kabureta ikiwa juu yake.

CG125 ya kupigia kazi kila siku inataka njia ya katikati: volti 12, diski mbele ukipenda, na oili ibadilishwe mara kwa mara maana hakuna filta ya karatasi ya kukusamehe. CG ileile ikiwa ni ya marehemu baba na familia inaitambua kwa rangi yake, safisha, tengeneza kinachovuja, na hata rangi iliyofifia iache. Rangi mpya unaweza kupiga wakati wowote, ile ya baba ukishaikwangua imekwenda.

Kwa anayejifunza ufundi, kurudisha kunafundisha kupima na kubadilisha kunafundisha kubuni. Achague CG, kwa sababu makosa yake yanauzwa dukani.

Na kama kadi haipo, au namba ya shingoni imesagwa, usifanye lolote kati ya haya mpaka umepata maelezo yanayoeleweka kutoka kwa muuzaji na kwenye ofisi ya usajili. Zisipopatikana, rudisha turubai na udai pesa yako, au uinunue kwa bei ya spea ukijua kwamba ni spea.